Kafa Ulaya

Binti yangu kafungua robota la mitumba, na ile harufu ya dawa imenirudisha mbali.

Enzi zile mitumba tuliiita kafa Ulaya. Mama alinunua koti sokoni Majengo, zito, na jua lote lile la Dodoma! Nikamvika mdogo wangu, nikamlaza mkekani, nikamfunika kanga, nikaanza kulia, "Uwii, Mzungu wetu kafa Ulaya!"

Mama akatoka jikoni na mwiko. Kanga ile alimbebea kitindamimba wetu, tuliyemzika juzijuzi tu.

"Unataka kunizikia na huyu? Mchawi we!"

Alinichapa mpaka mwiko ukavunjika. Mdogo wangu alicheka, akidhani mchezo unaendelea.

Tangu siku hiyo Mama hakulitaja jina langu. Aliniita Kafa Ulaya, hata mbele ya wakwe walipokuja kunichumbia.