Fonti Juu ya Namba

Mwanasaumu wa Mtongwe alipiga taipureta miaka kumi na mmoja, na mume alipomwacha na watoto watatu akawalea kwa vidole vyake. Mtu wa hivyo utamtisha na nini? Lakini Ijumaa ile ya mwaka wa tisini na tisa aliogopa hadi mate yakamkauka.

Ofisi ya madrasa alimokuwa karani ilikuwa imepata kompyuta yenye Linux, programu ya bure ambayo kila mtu ana ruhusa kuifungua na kuirekebisha. Ndani mlikuwa na orodha ya mayatima themanini na wawili wa Likoni, aliyoikusanya kwa miguu miezi minne. Wafadhili wangeijia baada ya swala ya Ijumaa. Makaratasi yake ya mkono alikwisha kuyachoma, maana yalikuwa na Bismillahi, na karatasi kama ile haitupwi jalalani.

Ila kwenye kioo Bismillahi ilitoka visanduku vitupu. Musyoka, fundi wa Changamwe, alikuwa amemwachia maelezo: ongeza fonti ya Kiarabu, yaani umbo la herufi zake, kwenye faili la fonti. Akalifungua. Juu palikuwa na namba, chini yake fonti za Kizungu tele. Sasa maneno ya Mungu ayaweke mkiani, chini ya hizo? Astaghfirullahi. Kwao msahafu hukaa juu ya vitabu vyote. Akaiandika ya Kiarabu mstari wa kwanza kabisa, juu ya namba, akazima mashine, akaiwasha tena.

Kioo kikawa cheusi, na mistari miwili ya Kiingereza: fonti ya kawaida haipatikani.

Akawafikiria wale watoto, mmoja mmoja, na walezi waliomwamini. Akapiga simu Changamwe.

"Bwana Musyoka, nimeiua kompyuta. Mayatima wote wamepotea."

"Hawajapotea, mama. Wamo ndani, mashine ndiyo imekataa kuwaonyesha. Hiyo fonti uliiandika wapi?"

Aliona haya kumweleza Mkristo wa bara.

"Juu ya namba," akasema mwishowe. "Sikuweza kuiweka chini ya zile nyingine."

Musyoka hakucheka. "Ile namba ni hesabu ya fonti zilizomo. Kompyuta isipoikuta mwanzo, hulikataa faili zima. Rudisha namba juu, uiongeze moja, kisha Kiarabu kifuate hapo hapo, mbele ya nyingine zote. Andika hapo hapo kwenye kioo cheusi ninavyokutajia."

Akamtajia herufi kwa herufi, naye akiandika huku anasoma Yasini kimoyomoyo. Akawasha upya. Kioo kikang'aa, Bismillahi ikatokea imeshikana vizuri, na chini yake majina. Mwanasaumu akalia machozi.

Alipogeuka, Maalim Mwidani, mkubwa wa madrasa, alikuwa amesimama mlangoni. Hakujua amesikia kiasi gani. Kazi imekwenda, akajiambia, lakini hakuwa mtu wa kudanganya, akamweleza yote.

Maalim akavua kofia akajifuta uso. Naye alikuwa ametota jasho.

"Hata mimi ningeiweka juu," akasema, akavuta kiti. "Haya, soma. Nataka kuwasikia wote."

Mwanasaumu akasoma jina la kwanza. "Yupo," Maalim akaitikia. Akasoma la pili. "Yupo." Wakaenda hivyo hivyo, polepole, mpaka wa themanini na wawili.