Ngoja Ganzi Ishike

Mimi huogopa daktari wa meno, na sioni haya kusema. Nimezaa watoto wawili, nimeshika ng'ombe pua akidungwa sindano, nimeua nyoka kwa jembe katika shamba la mama. Lakini nikinusa ile harufu ya karafuu mlangoni mwa kliniki ya meno, navuka upande wa pili wa barabara. Watu wakicheka, wacheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hofu yangu ina siku yake. Nilikuwa darasa la nne, kule Mukurweini, na gego lilikuwa limeoza mpaka shavu likafura. Mama akanipeleka zahanati. Mng'oa meno alinidunga ganzi, na kabla haijashika akachukua koleo, maana foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Bado nasikia." Akasema, "Husikii, ni uoga tu." Nikasema tena kwamba nasikia. Mama akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakibana kifuani mwake, akaniambia nisimwaibishe mbele ya watu. Jino likatoka. Maumivu yalipita, kama yanavyopita yote. Ambalo halikupita ni kule kuambiwa na watu wazima wawili kwamba kitu kilichokuwa mdomoni mwangu hakikuwepo.

Tangu siku hiyo sikukanyaga tena kliniki ya meno. Jino likiuma nilitafuna karafuu, nikameza vidonge, nikahamia upande wa pili. Hatimaye upande wa pili nao ukaniasi. Githeri ya mahindi na maharagwe ikanishinda kutafuna. Nikawa nakula ndizi za kuponda kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo mjini Nyeri. Asubuhi moja, shavu limenivimba, aliingia mzee mmoja kununua dawa ya ganzi. Alikuwa na ndama wa kuchomwa pembe. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote, hata mama yangu, ambaye mimi ndiye humpelekea dawa za ng'ombe wake: "Ukishamdunga, usimguse. Ngoja ganzi ishike. Halafu mguse na ncha ya sindano hapo kando ya pembe. Akirusha kichwa, bado anasikia. Ongeza, ungoje tena."

Mzee akachukua dawa yake akaenda. Mimi nikabaki nimeshika meza, hasira imenipanda mpaka machozi yakanilenga. Ati ndama akirusha kichwa anaaminiwa, na mimi nilisema kwa mdomo wangu mara mbili.

Saa ya chakula nikaenda kliniki. Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Kabla sijaketi nilimwambia kwamba mimi sing'olewi jino nikiwa macho, na kama hilo ni tatizo aniambie mapema nijiendee. Hakucheka. Alinipima presha, akaniuliza magonjwa niliyo nayo na dawa ninazomeza, kisha akanieleza njia zilizopo. Kuna gesi ya kuvuta kwa kifuniko cha puani, inayomlegeza mtu na kuisha upesi. Kuna kidonge cha kumeza kabla ya kazi kuanza. Kuna dawa ya kupitishwa kwenye mshipa wa mkono. Hiyo mtu husinzia, akiulizwa anajibu, lakini baadaye hakumbuki mengi. Na kuna nusu kaputi yenyewe, ya hospitali, ya kulala fofofo. Kwa hizo tatu za kwanza, alisema, ganzi ya fizi ingedungwa vilevile.

Gesi niliikataa papo hapo. Sitaki kitu cha kunibana uso. Nikachagua ya mshipa.

"Sawa," akasema. "Lakini uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani. Hutakuwa na akili ya kuvuka barabara."

Mwingine angemwambia mumewe. Mimi nilimpigia mama simu.

"Ati ulazwe?" akasema. "Kwa sababu ya jino? Maitu, sisi tuling'olewa tumekaa kwa kigoda na hatukufa." Maitu maana yake "mama yangu", kwa Kikuyu. Huniita hivyo kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. "Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

"Atazila na meno gani, mama?"

Akaguna. "Si uende na bwanako?"

"Hapana. Ni wewe. Na hutakaa nje, utaingia ndani. Ile siku ya zahanati ulikuwa ndani."

"Niko na ng'ombe wa kukama," akasema.

"Utakuja ukishakama."

Najua nilikuwa mkali, na sitaomba msamaha. Sindano haikunitisha kama wazo hili: kwamba dawa itanilegeza, nitasema nasikia, na kwa mara ya pili mama atawaambia waendelee. Wakati huo sitakuwa hata na nguvu ya kupigana. Lakini nilitaka nijue moja. Kama ni kunishika kichwa tena, basi anishike, na tusidanganyane tena maisha yetu yote.

Alikuja na kitambaa chake cha kanisani na ndizi mbivu kwenye kiondo. Kabla hatujaitwa alikuwa ameshamwambia nesi kwamba mimi nilizaa bila kulia, sijui siku hizi nimeingiwa na nini. Daktari akamruhusu aketi kwenye kiti karibu na miguu yangu. Nesi akatafuta mshipa. Nikamgeukia mama nikamwambia, "Nikisema nasikia, nasikia." Akaangalia dirisha. Nakumbuka mkono ukipata baridi, na daktari akiniuliza kama niko sawa. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa chumba cha pili, pamba mdomoni, ulimi mzito. Mama hakuwepo, alikuwa ametoka kutafuta teksi. Nesi alikuwa akinipima presha huku akitabasamu.

"Mama yako ni mtu mkali," akasema. "Katikati ya kazi ulirusha kichwa, ukasema maneno hatukuyashika. Daktari akadhani ni usingizi tu. Mama yako akasimama, akamshika daktari mkono. Akamwambia, 'Maitu amesema anasikia. Ngoja.' Akasema hata ndama wake hungojewa ganzi ishike. Basi daktari akaongeza ganzi, tukangoja, na mama yako akakataa kuketi mpaka jino likatoka."

Nilitaka kumwuliza aliyasemaje hayo maneno, kwa sauti gani, lakini mdomo ulikuwa umejaa pamba. Nililia. Nesi akadhani nasikia uchungu, akauliza. Nikatikisa kichwa.

Kwenye teksi ya kunirudisha nyumbani kwangu, mtaa wa Skuta, nikamwonyesha mama kwa kidole, halafu nikaonyesha kifua changu. Alielewa kwamba namwuliza kama ni kweli alinisemea.

"Huyo nesi anapenda maneno," akasema akitazama mbele. "Mimi nilimwambia daktari asiharakishe, basi. Na wewe nyamaza, utatoa damu."

Barabara ya kuingia kwetu ina mashimo, na dawa bado ilikuwa nami. Shingo ikalegea, kichwa kikaanza kuyumba. Mama akaweka kiondo chini. Akaleta mikono yake miwili, ile ile, ikiwa inanuka maziwa, akaisimamisha hewani karibu na masikio yangu bila kunigusa.

"Nikushike?" akauliza.

Hajawahi kuniuliza kitu namna hiyo. Nikasogea, na safari hii kichwa nilimpa mwenyewe.