Insha Iliyochapwa Mpakani

Nilitoka Masasi na begi moja, nikalala Tunduru, nikalala Songea, nikadandia lori la mahindi hadi Makambako, na kutoka hapo basi likanishusha Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Nilidhani nami ningevuka. Badala yake nikapata kazi kwenye steshenari, nikiwachapia watu barua za maombi.

Binti wa mpangaji mwenzangu alikuwa darasa la tano. Akisimulia jambo, unavuta kigoda. Akiandika, herufi zinapandana kama kuku kwenye tenga, na mwalimu wake alishatamka kwamba mwandiko ule hauendi darasa la sita. Nikamwambia mama yake nitamfundisha kuchapa kwa mashine ya dukani, bure.

"Bure?" Mama alikuwa Mnyiha wa Vwawa, muuza maharage. "Kaka, hapa mpakani cha bure hakipo. Unamtakia nini mwanangu?"

Alikubali kwa sharti lake. Kila jioni alikaa mlangoni na ungo wa maharage, mgongo barabarani, macho kwetu. Akimuuliza mtoto kitu kwa Kinyiha, mtoto anatikisa kichwa kukataa. Sikuhitaji mkalimani.

Mtoto alijifunza kwa kunakili nilichokuwa nacho, yaani barua za wateja. Vidole viwili, kisha vinne. Siku moja akapeleka shuleni insha iliyochapwa. Juu, kwa herufi kubwa: YAH: BIBI YANGU NA MBUZI WAKE. Chini: Natanguliza shukrani.

Mwalimu akaja nayo dukani. "Mtoto gani anaandika hivi? Hii ni kazi yako."

"Mjaribu."

Akanitoa nje, akabaki ndani na mtoto. Nikasimama ng'ambo ya barabara na mama. "Kama umetudanganya, sema sasa," akaniambia.

Mwalimu akatoka na karatasi, mtoto nyuma yake. YAH: MVUA YA JANA. Kicheko kilimponyoka, akakikata. "Nzuri. Ila umemkaririsha."

"Mvua ya jana, Mwalimu?" mtoto akadakia. "Anko angenikaririsha lini?"

"Mvua zote si zinafanana?" Akanigeukia. "Insha za kupandia darasa ni mwezi ujao. Zilizochapwa nitazipokea. Lakini wewe ukiwa bado Tunduma, sizipokei."

Nilimshuku: labda alitaka kitu mkononi. Hakutaka. Nikajishuku mwenyewe pia, maana miguu ilishaanza kuniwasha, na sijui hadi leo kama niliondoka kwa ajili ya mtoto au nilipata kisingizio. Mwenye duka aliahidi kwamba mtoto ataendelea kuitumia mashine ile.

Asubuhi ya safari mama alinisindikiza stendi, begi langu kichwani kwake. Nikadhani amelainika. Basi lilipowashwa akagonga kioo, simu mkononi.

"Sogea dirishani, kaka. Uso uonekane."

"Picha ya ukumbusho, dada?"

"Ya mwalimu. Aone umeondoka kweli."

Akapiga, akaitazama, hakuridhika. Akasubiri basi litembee, akapiga nyingine.