Pedali ya Mkwe

Robinah Nasirumbi hutengeneza magari kando ya barabara ya Tororo, upande wa Uganda, na mimi Anjeline huuza spea mlango wa pili. Kila asubuhi navuka mpaka kutoka Kenya kuja kufungua duka, na kabla sijamaliza kufagia huwa nimeshamsikia akigombana na boliti. Wateja wapya humshangaa kwa kuwa mwanamke. Wakija mara ya pili hawashangai tena, wanauliza tu kama yupo.

Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, Sam, na ni klachi iliyomuua Sam. Dereva mmoja alipanda lori lililokuwa limeachwa kwenye gia, akakanyaga pedali, akawasha injini. Kumbe mafuta ya klachi yalikuwa yamevuja yote, pedali ilikuwa tupu na gia haikuachia. Lori liliruka mbele, na Sam alikuwa amesimama kati yake na ukuta. Tangu hapo Nasirumbi haachii gari lenye klachi inayovuja mpaka aguse kwa mkono wake mwenyewe mahali panapovuja. Wenye haraka humwita msumbufu. Hata mimi namwita hivyo, lakini ningekuwa na gari ningempelekea yeye.

Jumamosi hiyo akaja binti yake wa pekee, Juliet, na mumewe Kevo, kijana wa Funyula, ng'ambo ya Kenya. Walikuwa wanakwenda Mbale kupitia Tororo, kwa hilo gari ambalo Kevo analipenda kama mtu: gari la michezo, jekundu, milango miwili, zee kuliko Juliet, na la chini kiasi kwamba ukikaa unahisi umeketi barabarani. Kevo aliniita pembeni.

"Aunty Anjeline, mwambie Mama klachi inazama. Naongeza mafuta, siku mbili tatu yameisha. Sijui yanaenda wapi, manze."

Aliniambia mimi, na Nasirumbi alikuwa amesimama pale pale anasikia. Kwa Wasamia, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaitani majina, na kiti alichokalia mmoja mwingine hakigusi, mpaka zawadi fulani zipite kati ya nyumba mbili. Zao zilikuwa bado. Sisi Wajaluo pia tunayo hayo, kwa hiyo sikucheka. Nikawa bomba la maneno, naingiza huku, natoa kule.

"Ambia yeye akae mbali, mimi naangalia," alisema Nasirumbi, macho chini.

Klachi ya namna hiyo ina masta mbili. Ya juu iko nyuma ya pedali, inasukuma mafuta. Ya chini iko kwenye giaboksi, inapokea. Katikati kuna paipu. Mafuta yakipotea, mojawapo inatema. Nasirumbi alilala chini ya gari juu ya kipande cha katoni, akarudi na kidole kinang'aa. Akakichovya kwenye ndoo ya maji. Mafuta ya injini hung'ang'ania kidoleni, lakini ya breki, ambayo ndiyo hutumika kwenye klachi, huoshwa na maji yakaisha. Yaliisha.

"Masta ya chini," alisema. Nilimletea raba mpya kutoka dukani. Akazifunga, kisha akatoa hewa kwenye paipu, Juliet akikanyaga pedali na kuachia. Pedali ikawa ngumu vizuri. Kevo alitabasamu mpaka nikamwonea huruma.

Sasa, kwa gari la mtu mwingine, hapo ndipo Nasirumbi huingiza kichwa kwenye miguu ya dereva na kupitisha kitambaa cheupe nyuma ya pedali. Ameniambia mara nyingi sababu yake: ukiweka raba mpya chini, msukumo wote unarudi juu, na masta ya juu iliyokuwa inavumilia inakata tamaa na kutema. Alifika mlangoni na kitambaa mkononi. Akasimama. Kile kilikuwa kiti cha mkwe wake, na jasho la mgongo wake lilikuwa bado kwenye ngozi ya kiti. Kwenye baranda ya nyumba yake, nyuma ya gereji, alikaa Matayo, ndugu yake Sam, mtu anayelinda mila kama askari wa benki, na alikuwa anatazama.

"Juliet," alisema, "angalia huko juu. Iko kavu?"

Juliet anafundisha chekechea. Alipapasa ukingo wa zulia, akasema ni kavu. Nasirumbi alikunja kitambaa akakitia mfukoni, polepole sana, nami nikajua hajaridhika.

Kevo alilijaribu gari barabarani, akarudi nalo anaimba. Akaliegesha pua ikitazama ukuta wa stoo, akaliacha kwenye gia ya kwanza kwa sababu handibreki yake ni ya kubahatisha. Akavua viatu mlangoni, akaingia kula na Matayo. Nasirumbi alikula jikoni, ingawa sidhani alikula. Nilimwona anageuza ugali tu.

Walipotoka kuaga, mimi nilikuwa barabarani nabishana na mteja. Nasirumbi alijibanza kwenye kona ya jikoni kama inavyotakiwa, macho chini. Ndiyo maana aliona alichoona. Mtu anayemtazama mwenzake usoni asingeona. Kevo alivaa viatu, akakanyaga ngazi ya saruji, na mguu wa kushoto ukateleza. Alishika nguzo, akacheka.

"Hii kiatu nayo," alisema, akaelekea kwenye gari.

Pale kwenye saruji palibaki alama ya maji ya soli moja, na mvua haikuwa imenyesha. Nasirumbi alichuchumaa, akaigusa, akaenda kwenye ndoo. Kidole kikateleza majini, halafu kikawa safi: mafuta ya klachi, kutoka kwenye pedali.

Alipoinua kichwa, Kevo alikuwa ameshakaa, mlango wazi, Juliet upande wa pili anafunga mkanda. Na Matayo, kwa kufuata kivuli, alikuwa amesimama kati ya pua ya gari na ukuta, viganja juu ya boneti, macho yamefumbwa, anaombea safari. Sala za Matayo ni ndefu, hupitia kwa mababu wote kabla ya kufika kwenye gari lenyewe. Lakini mwisho hufika, na sauti yake ilikuwa imeanza kushuka kuelekea amina.

Nasirumbi alifungua mdomo, na jina halikutoka. Mama mkwe haiti jina la mkwe. Akageuka kunitafuta mimi.

"Anjeline! Ambia yeye!"

Lori la simenti lilikuwa linapita. Nilisikia jina langu tu, nikaona uso wake, na uso ule niliujua. Ndio aliokuwa nao siku ya Sam. Nilitupa nilichoshika nikakimbia, lakini mimi ni mnene na nilikuwa mbali.

Matayo akasema amina. Kevo akakanyaga pedali, ikazama mpaka kwenye zulia bila kumpinga, na akageuza ufunguo.

Gari liliruka. Matayo alifumbua macho, mgongo ukagonga ukuta, boneti ikamfikia magotini na injini ikaanza kushika. Hapo Nasirumbi alikuwa ameshafika. Aliingia kwa ule mlango ulio wazi, kichwa mbele, akalala kifudifudi juu ya mapaja ya mkwe wake, akapitisha mkono chini ya usukani. Injini ikakata. Akatoka na ufunguo ndani ya ngumi.

Kevo alikuwa ameinua mikono yote miwili juu kama anayekamatwa na polisi.

"Shemeji," alisema Matayo, mgongo bado ukutani, "umelala juu ya mkwe."

"Nimelala. Wewe toka hapo kwa ukuta kwanza."

Alitoka, akipapasa magoti yake. Yalikuwa mazima. Ndipo akakumbuka mila.

"Itatakiwa mbuzi."

"Mbuzi iko. Mimi natoa," alisema Nasirumbi.

Alipiga magoti nje ya mlango, akaingiza kichwa chini ya usukani, akapitisha kitambaa cheupe nyuma ya pedali. Kilirudi kimelowa, rangi ya chai. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Siku ya kumzika Sam hakulia mbele ya watu, na sasa alilia kichwa kikiwa kwenye miguu ya dereva, ambako hakuna aliyeweza kumwona uso. Juliet alimshika mgongo. Mimi nililia pia, na kumkasirikia Matayo, na kukasirikia adabu zetu zote.

Kevo alikuwa ameshatoka garini na kusogea mbali, anatazama mawinguni kwa heshima.

"Aunty Anjeline," aliniita, sauti imekauka, "mwambie Mama..."

"Kevo," alisema Nasirumbi kutoka chini ya usukani.

Juliet aliacha kumpapasa. Matayo alikaa chini.

"Naam, Mama."

"Kuja ukae. Kanyaga polepole, mimi nataka kuona penye inatoka."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kupeleka maneno, nikaufunga. Kevo alivua viatu kwanza. Akaingia taratibu, akaweka mguu wake mtupu kando ya uso wa mama mkwe wake, akakanyaga.