Msikilizaji Mmoja Niliyemrudisha Nyumbani

Admin, nifichie jina, maana Arusha ni ndogo na sisi wapiga tarumbeta wa makanisani tunajuana hadi viatu. Nina miaka 36, mwanaume, naishi Moshono, nafundisha muziki. Moyo wangu hasa uko kwenye kutunga muziki mpya wa ala: tarumbeta nne na fidla mbili, hakuna maneno, hakuna mdundo wa kuchezea, na katikati kuna vipande virefu vya kimya. Najua mshaanza kusinzia. Watu wote ndivyo walivyo.

Miaka miwili iliyopita nilikodi ukumbi Lemara nifanye onyesho langu la kwanza. Nilibandika matangazo, nikajaza magrupu yote ya WhatsApp. Watu wakauliza "MC nani?" na "Kuna msosi?" Siku ikafika, saa kumi jioni, viti themanini, mtu mmoja. Baba yangu. Alikuwa ameteremka kutoka kwetu mlimani Meru, kavaa suti yake ya kanisani, amekaa mstari wa mbele, kofia magotini.

Niliona aibu mpaka nikakasirika. Nikamfuata, nikamwambia, "Shikamoo baba. Leo hakuna kitu, rudi tu nyumbani."

"Marahaba. Mbona mimi nimekuja?"

"Baba, siwezi kumpigia mtu mmoja."

Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya mwanangu," akavaa kofia, akaondoka. Wapigaji wenzangu walikuwa wameshapanga karatasi zao za noti. Ingetuchukua nusu saa tu.

Miezi mitano baadaye akafariki kwa presha. Sikuwahi kumpigia ule muziki.

Sasa huku kwetu watu hawakosi ibada ya kumbukumbu ya mtu mzima. Mwaka ulipotimia, tangazo likasomwa kanisani, na siku yenyewe watu walijaa uani mpaka kwenye migomba. Hapo shetani akaninong'oneza kwamba hao ndio wasikilizaji niliokuwa nawatafuta. Nikawaleta wenzangu, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Huu ni muziki ambao baba aliupenda sana." Hakuinuka mtu. Kwenye vile vipande vya kimya hata watoto walitulia, wamama wakalia. Tangu hapo naitwa kwenye kumbukumbu za watu, Olasiti na kwingineko, na wanasikiliza mpaka mwisho. Mama naye huwa anakuja.

Ila kila tukifika kwenye kimya, namwona baba. Amekaa mstari wa mbele na suti yake, anasubiri nianze. Nafumba macho, nikifumbua bado yupo. Juzi nilishindwa kabisa kuweka mdomo kwenye tarumbeta, mwenzangu akapiga sehemu yangu. Naogopa, sijamwambia mtu.

Jumapili iliyopita nilienda kumsalimia mama. Akanimiminia chai, akasema, "Mwanangu, nikuulize. Mbona ule muziki wa baba yako mnaukatisha?"

"Hatuukatishi, mama. Ndio wote huo."

"Hapana. Siku ile alivyorudi kutoka Lemara alinisimulia mpaka chakula kikapoa. Alisema ukumbi ulijaa, wengine wamesimama nje. Akasema mwishoni tarumbeta zote zinanyamaza, inabaki fidla moja, inaita kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Hiyo ndiyo aliipenda. Mimi kila mkipiga naisubiri hiyo, hamfiki."

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Hakuna sehemu kama hiyo. Baba aliitunga mwenyewe akipanda mlima, ili mama asijue kwamba mtoto wao alikosa watu. Na sasa mama ameniomba mwezi ujao nije na wenzangu, nimpigie muziki wote, yeye peke yake, sebuleni.

Niiandike sehemu ile, nimpigie kama vile ilikuwepo siku zote? Au nimwambie kwamba mume wake hakusikia hata noti moja, na aliyemrudisha ni mimi? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini jamani, nimpigie nini mama yangu?