Posa ya Ndugu Fundi

Enzi zile ukomunisti ulikuwa umeenea kutoka nchi za theluji hadi visiwa vya miwa. Kwingine ulijenga shule, kwingine ukajaza magereza, na kila ulikofika uliwaahidi wanyonge mkate na makabaila kiyama. Fundi cherehani mmoja alipelekwa hukohuko kwenye theluji kusomea ushonaji, akarejea na koti zito asilolivaa tena, pamoja na imani isiyochakaa: watu wote ni ndugu, na vitu vyote ni vyetu.

Katika karakana ya ushirika, aliyethubutu kusema "mkasi wangu" alisahihishwa papo hapo: "Mkasi wetu, ndugu." Hata cherehani ilipokwama, aliibembeleza: "Ndugu, usinitie aibu." Wenzake wakambandika jina la Ndugu Fundi.

Mambo yalimwendea mrama alipompenda mdarizi aliyeketi karibu na dirisha la karakana. Akanyoosha shati kwa pasi, akaenda kwa baba wa binti, mzee mcha Mungu ambaye kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu.

"Ndugu mzee, nimekuja kumposa ndugu binti yako."

Mzee akavua miwani. "Mimi ni ndugu yako?"

"Naam, ndugu."

"Na mama yake?"

"Ndugu pia."

"Basi, mwanangu, Mola ameharamisha ndugu kuoana. Rudi kwenu, ambako kwa hesabu yako ni hapahapa!"

Nyuma ya pazia mdarizi alicheka hadi akapaliwa.

"Undugu wa wanadamu siupingi," mzee akaendelea, "kwani sote tumeumbwa na Mmoja. Ila mke si mkasi wa ushirika. Binti huyu ni nani kwako? Ukikosa neno, sina binti wa kukuoza."

Neno Ndugu Fundi alilijua fika, ila ndilo alilolipiga marufuku miaka yote.

"Ni... wangu. Akiniridhia."

"Sijasikia!" mdarizi akapaza sauti.

"Wangu!"

"Nawe u wa nani?"

"Wako."

"Hapo sawa. Baba, mkaribishe mkweo chai."

Miaka ikapita. Redio zikatangaza kuta zilizobomolewa na sanamu zilizong'olewa, na picha za waasisi wenye ndevu zikashushwa karakanani. Mkasi ukabaki wetu. Lakini kila jioni, Ndugu Fundi akishika ufunguo wa kufunga karakana, huita: "Mke wangu, twende zetu."

"Wetu, ndugu!" mafundi hudakia, na mdarizi huwarushia vipande vya vitambaa hadi mlangoni.