Mashine ya Povu kwenye Pipa la Odongo

Mume wangu Odongo ni fundi wa injini za boti, na hafungi kitu kabla ya kukijaribu. Juzi alinunua mashine ya kutoa uchafu kwa povu, ya tangi lake la samaki wa baharini hapa nyumbani Migosi. Alichagua kubwa, eti ndogo huzidiwa. Kwanza akaipeleka kwenye pipa lake la kujaribia injini, kule ufuoni. Viputo vilipanda vikapasuka. Povu halikutokea hata kidogo. Akampigia muuzaji Mombasa na kumfokea kwamba amemuuzia takataka.

“Mzee, hiyo hutoa povu kwenye maji ya chumvi tu. Wewe umetumia maji gani?”

“Maji ya kawaida,” Odongo akanguruma. “Ya ziwa.”